Ombi la Kuvuliwa Udiwani Nilioupata kwa Huruma za Watu

Mtaa wa Tenter, Nyumba ya 9,
Kata ya Skelby Green,
Brackenshaw.
Juni, Jumamosi

Kwa Msimamizi wa Uchaguzi,
Halmashauri ya Manispaa ya Brackenshaw.

Ndugu Msimamizi,

YAH: KUSHINDA KWANGU

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini kwamba mgongo wako umepata nafuu, maana siku ile ya kuhesabu kura nilikuona ukiushika kila ulipoinuka kitini. Mimi na mume wangu Graham hatujambo, isipokuwa hilo linalonifanya nikuandikie.

Mimi ni Beverley Ackroyd. Utanikumbuka, ndimi yule mama wa koti la kijani aliyelia ulipotangaza matokeo ya Kata ya Skelby Green. Gazeti letu la hapa liliandika kwamba nililia kwa furaha. Hilo nalo ningependa lirekebishwe, lakini najua si kazi yako, na mwandishi mwenyewe ni kijana mwenye adabu ambaye nisingetaka kumwudhi.

Naleta kwako, kwa heshima zote, malalamiko yangu kwamba nimeshinda.

Sikusoma sana. Nilitoka shule nikaingia duka la vitambaa, na tangu duka lilipofungwa nimekuwa mtunzaji wa ukumbi wa kanisa letu la Kimethodisti, kazi ninayoipenda. Kwa hiyo kama kuna mahali nimelitumia vibaya neno la kisheria, naomba usome nia yangu na usisome neno. Malalamiko nimeyapanga kwa namba, kwa sababu tovuti yenu inasema ndivyo mnavyopenda.

1. Niliahidiwa kwamba sitashinda.

Shemeji yangu Clive ndiye katibu wa tawi la chama chetu. Tawi lenyewe ni Clive, mzee mmoja wa Mtaa wa Chapel, na mbwa wa mzee huyo ambaye huja kwa ajili ya hita. Skelby Green hatujapata kiti tangu nikiwa msichana, wala hatukitafuti. Lakini makao makuu wanataka kila kata iwe na jina letu kwenye karatasi ya kura, basi, jina tu, mtu wa kujaza nafasi.

Clive alinifuata siku ya mnada wa hisani wa kanisa nikiwa nimeshika sinia la sandwichi kwa mikono miwili, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Akaniambia, "Shemeji, weka sahihi hapa. Huwezi kushinda hata ukijaribu." Nilimwuliza mara ya pili kama ana hakika. Akaapa kwa mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, na ambaye alikuwa ameketi papo hapo akila sandwichi ya yai, naye akaitikia kwa kichwa kuthibitisha.

Sikuweza kusema hapana. Nikueleze jambo moja, Ndugu Msimamizi, maana bila hilo hutanielewa: mimi tangu nizaliwe sijawahi kusema hapana. Wakiniuliza kama nina nafasi ya kufua mapazia ya kanisa, nasema bila shaka. Wakiniuliza kama paka wa jirani anaweza kukaa kwangu majira yote ya joto, nasema bila shaka, na paka mwenyewe sasa ana mito miwili. Mtu wa namna hiyo halmashauri yenu haikupaswa kumruhusu kukaribia kalamu.

Tulikuwa wagombea wawili tu. Mwenzangu alikuwa Bwana Desmond Thwaite, na hapa ndipo penye uchungu wangu wote.

Bwana Thwaite amekuwa diwani wetu tangu mwanangu wa kwanza alipokuwa akinyonya, na mwanangu huyo sasa ana kipara. Taa za njia ya kando ya mfereji ni yeye. Benchi la mbele ya posta ni yeye. Ukimpigia simu kuhusu pipa la taka yuko mezani anakula, anaiacha sahani, anavaa koti, anakuja kuliangalia pipa. Mkewe Marjorie, aliyekuwa akiimba sauti ya pili karibu yangu kwenye kwaya, alifariki misimu mitatu ya baridi iliyopita. Marjorie alikuwa na mkoba wa safari uliokaa chini ya ngazi, umefungwa tayari kwa ajili ya kwenda Wales, kwenye ghuba fulani walikofanyia fungate. Kila tulipomwuliza lini, alisema, "Desmond akimaliza kipindi hiki."

Sasa Marjorie hayupo, watoto hawakujaliwa, na kilichombakia mzee wa watu ni udiwani. Udiwani ndio uti wake wa mgongo. Wewe unaujua mgongo unavyouma ukiwa bado upo mahali pake, fikiria ukitolewa. Hilo ndilo linaloniondolea raha, kwamba mimi, kwa jina la kujaza nafasi, nimemvunja mzee aliyenitengenezea barabara. Mengine yote nitakayosema ni ya kuliunga mkono hilo.

2. Kituo cha kupigia kura kilikuwa mikononi mwa mgombea.

Kituo chetu ni ukumbi wa kanisa, na ufunguo wa ukumbi ninao mimi. Asubuhi ile maofisa wako walifika na masanduku wakanikuta mlangoni, nimeshawasha hita na birika liko jikoni. Niliwaambia wazi kwamba mimi ni mgombea. Yule kijana wa miwani alisema ataangalia kwenye mwongozo. Akaangalia. Mwongozo haukuwa na neno juu ya keki ya limau, kwa hiyo wakala.

Hilo ni dogo. Ukutani, mkabala na vile vibanda vya kupigia kura, kuna tangazo la supu yetu ya kila Alhamisi. Lina picha yangu nimeshika upawa, na chini yake, kwa herufi ambazo hata mzee wa mbwa anazisoma bila miwani: UNA SHIDA YOYOTE? MWONE BEVERLEY. Limekaa pale miaka mingi, sisi wenyewe hatulioni tena. Lakini chukua mpiga kura, ana penseli mkononi, anainua macho apate kufikiri kidogo, anakutana na mimi na upawa. Kisha anainamisha macho kwenye karatasi, na jina la kwanza ni Ackroyd, kwa kuwa Thwaite ni wa mwisho mwisho kwenye alfabeti. Nauliza kwa unyenyekevu, je, huo si ushawishi?

Na bado. Uchaguzi ulikuwa Alhamisi. Alhamisi ni siku ya supu. Nilikusudia kuiahirisha, lakini wazee walikuwa wameshafika na vijiko vyao, na nimeshakueleza tabia yangu. Tukawahudumia kwenye chumba cha nyuma. Watu walipiga kura wakaja kunywa supu, na wengine, naona aibu kuandika, walikunywa supu kwanza. Nimesoma kwamba sheria inamkataza mgombea kuwalisha wapiga kura. Nimewalisha. Ilikuwa supu ya njegere na nyama ya nguruwe, pamoja na mkate, na kuna waliorudia. Nakiri kosa hili kwa moyo mweupe, na niko tayari kuadhibiwa kwa kunyang'anywa kiti.

Graham anasema supu hiyo ilikuwapo kabla sijawa mgombea. Nimemjibu kwamba sheria haikuuliza historia ya supu.

3. Waliopiga kura hawakuwa wakinichagua, walikuwa wakinipa pole.

Hili ndilo kubwa. Jumamosi baada ya matokeo nilikwenda posta kununua stempu. Bi. Hesketh wa dirishani aliniangalia kwa huruma akanishika mkono juu ya mizani. Akasema, "Beverley mwenzangu, nilisikia hutapata hata kura moja. Nikasema haiwezekani, nikupe yangu, Desmond zake hazina idadi." Nilimwuliza nani alimwambia kwamba sitapata hata moja. Alianza kupanga stempu ambazo zilikuwa zimeshapangwa, akasema ni mtu tu alipita.

Nikaenda kwa akina Bairstow wafuga njiwa. Ni yale yale. Mtu alipita, akawaambia Beverley ataadhirika mbele ya manispaa nzima, sifuri itaandikwa kwenye ubao wa ukumbi wa michezo kura zinakohesabiwa, na wao wakaona wafanye jambo la kiungwana. Nikauliza kwaya. Ndugu Msimamizi, kwaya nzima, kila mmoja alidhani yuko peke yake. Walipogundua katikati ya mazoezi kwamba sauti zote nne zimenipigia mimi, mpiga kinanda aliacha kupiga. Mchungaji wetu aliposikia, alisema kura ni siri ya mtu na Mungu wake, lakini alisema hivyo akiangalia viatu vyake.

Mwisho nikamgeukia Graham. Nilikuwa na hakika naye, maana tangu tuoane amempigia Bwana Thwaite, na tulikuwa tumekubaliana. Alikunywa chai yake yote kwanza. Kisha akasema, "Bev, ningekuangaliaje mezani?"

Kwa hiyo hesabu yake ni hii. Kila mtu Skelby Green alikuwa akimtaka Bwana Thwaite, na kila mtu alikuwa na hakika kwamba mwingine atampigia Bwana Thwaite, basi yeye anaweza kuwa mwema kidogo. Kati ya wote niliowauliza, aliyepiga kura kwa kuangalia sera ni mimi peke yangu, na nilimpigia Bwana Thwaite. Huwezi kujenga halmashauri juu ya wema wa namna hiyo. Wakiendelea hivi, uchaguzi ujao watampa kiti yule mbwa.

Nami nina kosa langu hapo, nalo ni la sala. Nilimwomba Mungu jioni zote za kampeni kwamba nisiaibike. Sikutaja kiwango. Nimejifunza.

4. Kwenye kuhesabu hukunisikiliza.

Nasema hili bila kinyongo. Ijumaa ile kwenye ukumbi wa michezo ulituita mimi na Bwana Thwaite mezani tuziangalie karatasi tano zenye utata. Kabla ya hizo alikuwa mbele yangu kwa kura moja, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, nilikuwa nimeshaanza kufikiria chakula cha mchana.

Ya kwanza, mtu alichora uso unaocheka ndani ya kisanduku changu. Nilisema huenda ananicheka. Bwana Thwaite akasema, "Uso huo una upendo, nia iko wazi." Ya pili ilikuwa na alama yangu, na pembeni imeandikwa "Samahani Desmond". Nilikueleza kwamba huyo alitubu akiwa bado ameshika penseli, na aliyetubu apewe nafasi, ihesabiwe kwa Desmond. Bwana Thwaite akasema ameombwa radhi kwa sababu amekataliwa, naye amekwisha kusamehe, kwa hiyo ni ya Beverley. Ya tatu ilikuwa na picha ya bakuli linalotoa mvuke. Ushahidi wa supu, Ndugu Msimamizi, uko mkononi mwako, umechorwa na mlaji mwenyewe.

Ulijikuna sikio ukasema umesimamia chaguzi miaka mingi na hujapata kuona wagombea wanaogombea kushindwa. Kisha zote tano ukanipa mimi. Nikashinda kwa kura nne.

Wakati ule niliona Bwana Thwaite anafanya uungwana. Alinishika mkono muda mrefu, macho yana maji, akasema, "Hongera, Diwani." Sitasahau. Uso wa mtu aliyepoteza kila kitu nimeuona siku hiyo.

4 tena (samahani, nimeandika kwa kalamu ya wino). Hali ya Bwana Thwaite tangu siku hiyo.

Naziandika dalili jinsi nilivyoziona. Asubuhi ya pili, hatujanywa chai, alikuja na toroli amepakia maboksi sita ya mafaili ya kata. Aliyashusha, akageuka, akaondoka karibu anakimbia. Nadhani hakutaka nimwone akilia. Mchana akarudi na simu ile ambayo namba yake kata nzima inaijua kwa moyo. Hakunipa namba, alinipa simu yenyewe, na chaja yake. Suti ya vikao ameipeleka duka la hisani, Bi. Hesketh ameiona dirishani imevalishwa sanamu. Ameonekana kituo cha basi amekunjua ramani magotini, kama mtu anayetafuta pa kujificha. Na kando ya mfereji anapiga mluzi. Graham anasema mtu anayepiga mluzi ana furaha. Graham hawajui watu.

Kila Jumatano nampelekea pai ya nyama na viazi. Anaila yote mbele yangu, na ananiambia hajawahi kulala vizuri kama siku hizi. Maskini, anavyojikaza. Nikitoka pale naingia kanisani moja kwa moja.

5. Udiwani umeniharibu tabia.

Jumanne iliyopita nilihudhuria kikao cha kamati ya barabara. Nilikaa mwisho kabisa, na sweta la mjukuu ninalofuma. Ikafika hoja ya kumwondoa Noreen. Noreen ni yule mama anayevusha watoto mbele ya shule yetu na kile kibao chake cha mviringo juu ya fimbo. Mvua, theluji, yupo. Aliwahi kuuzuia mkono wa mwanangu mdogo usiingie chini ya gari la maziwa, na mpaka leo mwanangu akimwona anavua kofia. Kwenye makaratasi Noreen alikuwa ameandikwa "hatua ya kubana matumizi". Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, kwa namna ile ya kuuliza huku ameshafunua ukurasa unaofuata.

Nikasikia mtu anasema hapana. Niligeuka kumtafuta. Nilikuwa mimi.

Mwenyekiti akasema, "Samahani, Diwani Ackroyd, ulisema kitu?" Na mimi, mama wa watu, sijui nguvu ilitoka wapi, nikasema tena, "Hapana. Noreen haondoki." Nikaongeza maneno mengine, sikumbuki yote, ila Graham amesikia kwa watu kwamba nilikuwa nikiwanyooshea sindano ya kufumia. Wameiahirisha hoja mpaka Jumanne ijayo.

Nilirudi nyumbani. Graham akaniuliza kama nitaosha vyombo, na kabla sijawahi kujizuia nikasema hapana vilevile, akaviosha yeye. Unaona inavyoenea. Mwanamke aliyekaa kwenye ndoa kwa amani muda wote huu.

Kwa sababu zote hizo naomba unifanyie mojawapo ya mambo yafuatayo, lolote litakalokuwa jepesi kwa ofisi yako.

(a) Ufute matokeo, useme palitokea hitilafu kwenye kuhesabu. Sihitaji alaumiwe mtu. Tunaweza kuilaumu ile mipira ya kufungia kura, ambayo mimi mwenyewe niliona inakatika.

(b) Likishindikana hilo, usogeze mpaka wa kata. Mpaka unapita nyuma ya bustani yangu. Ukiuleta mbele hadi kwenye kizingiti cha mlango wangu, nitakuwa mkazi wa kata ya jirani na kosa langu litakuwa limejirekebisha lenyewe. Waridi zangu zinaweza kubaki Skelby Green.

(c) Likishindikana hilo pia, naomba unishauri ni kosa gani linalomvua mtu udiwani ambalo mwanamke wa umri wangu anaweza kulitenda bila kumwumiza mtu, kati ya Jumatatu na Ijumaa, maana Jumapili nina watoto wa shule ya Jumapili. Niliulizia kuhusu kifungo cha jela. Graham anasema wizi wa duka hautoshi na isitoshe nitarudisha kitu kabla sijafika mlangoni. Nilisoma pia kwamba diwani asiyehudhuria vikao nusu mwaka kiti chake hupotea, lakini mtu akikualika mahali ukaacha kwenda, huo si ustaarabu.

Utaniuliza kwa nini nisijiuzulu tu. Nimelifikiria nikipiga magoti. Nikijiuzulu utaitishwa uchaguzi mdogo, na fedha za uchaguzi mdogo zitatoka kwenye fungu la akina Noreen. Pili, wale wote walionipa kura zao kwa wema wataona nimewarudishia zawadi dirishani. Tatu, Bwana Thwaite atalazimika kuzunguka tena mlango kwa mlango akiomba alichokuwa nacho, na mzee wa hadhi yake hafai kuomba. Na nne, Clive atakuja kuniomba nijaze nafasi.

Ndiyo maana nataka ionekane ni kosa la ofisi, arudishiwe kiti chake, na asijue kamwe kwamba niliandika.

Tafadhali nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule dada wa mapokezi aliyenipa leso ya karatasi siku ile, na yule kijana wa miwani, umwambie keki nyingine ipo. Graham anakusalimu na kukushauri ulale chali ukiwa na mto chini ya magoti, kwa ajili ya mgongo. Nakuombea.

Wako katika Kristo na katika malalamiko,
Beverley Ackroyd (Bi.)
Diwani, Kata ya Skelby Green, kwa makosa

Nyongeza. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha na kubandika stempu Bwana Thwaite alipogonga mlango kurudisha bakuli la pai. Alikuwa amevaa buti mpya, na mkononi ana ule mkoba wa Marjorie. Nikaona mambo yamefika pabaya. Basi, ili kumtia moyo, nikaifungua bahasha kwa mvuke wa birika nikamsomea barua yote.

Aliketi kwenye ngazi. Nilipofika namba tatu aliufunika uso kwa mkono, na nilipomaliza namba nne zote mbili akaniambia niishie hapo. Akasema, "Beverley, yule mtu aliyepita ni mimi."

Alipita nyumba zote. Watu walidhani anaomba kura, kumbe alikuwa akiniombea mimi. Kila mlango alisema Beverley hatapata hata moja, mpeni yenu, mimi zangu zinatosha. Nilimwuliza kwa nini asingekataa tu kugombea. Akasema walikuja na fomu yake imeshajazwa na sahihi za watu, na wameoka keki yenye jina lake. Angewaambiaje?

Kisha akaangalia mkoba. "Kila kipindi nilimwambia Marjorie hiki ndicho cha mwisho," akasema. "Nilimdanganya mara saba. Basi la saa sita linakwenda huko Wales. Nataka niuone mchanga ule niweke mkoba wake chini."

Machozi yangu ndiyo hayo yaliyochafua ukurasa wa pili. Yeye alipoyaona, na kwa kuwa naye ni mtu wa Skelby Green kama sisi sote, akasema, "Lakini kama unaumia namna hiyo, nitarudi. Nitamwandikia Msimamizi mwenyewe." Akainama akaanza kufungua kamba za buti.

Ndugu Msimamizi, nikasema hapana.

Nilimfunga kamba mimi mwenyewe, mafundo mawili kila buti. Nikampa pai ya njiani. Amewahi basi, Graham alimsindikiza na mkoba.

Kwa hiyo yote niliyoyaandika huko juu naomba uyafute, isipokuwa salamu na ule ushauri wa mto. Kuhusu supu, nakusihi usilifuatilie. Mpaka wa kata uache ulipo. Barua hii ningeichana, lakini stempu ilishabandikwa, na Graham amerudi hajavua koti, anasubiri kuipeleka, nisingetaka avae bure.

Jumanne ni kikao cha Noreen. Ukiwa na nafasi njoo ukae nyuma, nitakuwa na sindano ndefu zaidi.

Simu ya Bwana Thwaite inalia wakati namalizia mstari huu. Naona ni Bi. Hesketh, bila shaka ni pipa. Chakula chetu kiko mezani. Nitampigia tukishamaliza kula.